Lebo ya Pombe ya Nyumbani: Hela Yako Iende Wapi?

Ulanzi, pombe ya mianzi, hausubiri mtu. Ukigemwa leo ni mtogwa, mtamu. Ukilala unakuwa mkangafu, mkali, na ukiukaza kizibo gesi yake inaweza kukipasua chombo. Komoni na kimpumu, pombe za nafaka, nazo hunywewa zikiwa bado zinachacha. Kwa pombe hizi tatu sishauri mtu alipie lebo ya rangi. Dumu linahitaji kipande cha karatasi chenye siku na saa ya kugemwa au kuchujwa, kilichofunikwa kwa selotepu pana. Basi.

Wanaohitaji lebo hasa ni wale wanaotengeneza mvinyo wa ndizi za Tukuyu au bia waliyoichuja vizuri, wakaiweka kwenye chupa za kioo kwa ajili ya sendofu. Kwa watu hao, steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, zina njia tatu: printa ya wino wa maji, printa ya leza au mashine ya fotokopi, na karatasi ya stika.

Tuanze na hesabu. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, hivyo lebo za milimita 70 kwa 99 zinaingia tisa bila kubakiza hata kipande. Chupa 54 ni kurasa sita tu. Tuseme ukurasa wa rangi ni shilingi 1,000, mweusi wa leza 200, na wa stika 1,500 pamoja na kuchapa. Lebo moja itakugharimu takriban 111, 22 au 167. Hizi ni bei za mfano; weka za steshenari yako, hesabu ni ileile. Sasa mlipe mtu 15,000 akudizainie: umeongeza karibu 278 kwa kila chupa, zaidi ya gharama ya karatasi yoyote kati ya hizo. Hapo ndipo hela inapopotelea. Dizaini mwenyewe kwa simu, programu ya Canva inatosha, kisha utume faili la PDF. Ukituma picha ya kawaida kwa WhatsApp inabanwa, na herufi ndogo zinatoka na ukungu.

Msisitize mchapaji asipunguze ukubwa. Mimi nilichapiwa kurasa kumi ambazo mashine ilizipunguza ili zienee kwenye ukurasa. Lebo zikatoka fupi na mkasi ukala jioni nzima.

Bei peke yake haitoshi, kwa hiyo niliziweka chupa tatu kwenye ndoo ya maji ya barafu kwa saa mbili. Wino wa maji ulichuruzika, jina likawa doa jekundu. Maandishi ya leza hayakutikisika, kwa sababu wino wake ni unga unaoyeyushwa kwa joto ukaganda kwenye karatasi. Ila karatasi yenyewe, niliyoibandika kwa maziwa, iliteleza ikaelea. Stika ilibaki palepale. Lakini kuitoa ili chupa itumike tena nilihitaji maji ya moto, mafuta ya kupikia na kusugua sana, wakati ile ya maziwa huachia kwa maji ya uvuguvugu. Muda huo nao ni gharama.

Kwa vinywaji vinavyotoka kwenye friji, maziwa yanatosha: paka kidogo kwa brashi nyuma ya karatasi, bandika kwenye chupa kavu, futa yanayovuja, acha ikauke usiku kucha. Uji wa ngano nao unashika, ila ukiwa mzito unaacha mabonge.

Hukumu yangu: leza nyeusi kwenye karatasi ya rangi ya krimu, kwa maziwa. Nunua stika pale tu chupa zitakapozama kwenye barafu.

Ukitaka kuuza, habari inabadilika. Unahitaji leseni ya vileo, na lebo itapaswa kuonyesha jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, ujazo, asilimia ya kilevi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) haiwekwi mpaka upewe. SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho kwenda TBS, anzia hapo. Tafadhali, usichapishe lebo elfu moja kabla sampuli yako haijapimwa, maana kosa la mstari mmoja litakulazimu kuzitupa zote.