Pistoni Mpya Katika Injini ya Zamani: Vipimo Kabla ya Ununuzi

Injini ya pikipiki aina ya Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito kila siku na ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa, na kwa sababu hiyo wahandisi wake waliachana na mnyororo wa kuzungushia kamshafti iliyokaa juu ya injini, wakarudi kwenye mtindo wa zamani wa fito za kusukumia valvu, ambao una sehemu chache za kuharibika. Muundo huo ulitengenezwa Japani, Brazili na Pakistani, kisha ukanakiliwa na viwanda vingi vya China, na kupitia nakala hizo umeenea Afrika Mashariki kiasi kwamba bodaboda nyingi za cc 125 na cc 150 zina injini iliyotokana nao. Kwa kuwa spea zake ni nyingi na bei zake ni za chini, injini hiyo inafaa sana kueleza jambo linalowasumbua wamiliki wengi wa pikipiki kuukuu, nalo ni namna ya kuchagua pistoni bora wakati injini inafunguliwa na kuundwa upya kwa fedha kidogo.

Pistoni ni kipande cha aloi ya alumini kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, kikipokea nguvu ya mchanganyiko wa petroli na hewa unapoungua na kuipeleka kwenye konrodi, ambayo nayo huizungusha krankshafti. Huuzwa pamoja na ringi zake, yaani pete za chuma zinazoziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda, pini inayoiunganisha na konrodi, na klipu mbili zinazoizuia pini isitoke. Injini inapoanza kutoa moshi wa bluu, kula oili na kupungua nguvu mlimani, mmiliki hukimbilia kununua seti hiyo, akiamini kwamba pistoni ndiyo iliyochakaa. Imani hiyo ni sahihi kwa nusu tu, kwa sababu ukuta wa silinda nao huwa umelika, tena si kwa usawa, na pistoni mpya ya kipimo cha awali ikiingizwa katika silinda iliyolika haiwezi kukaa sawa, bali huyumba, na ringi zake hulazimika kutanuka na kubana kila mara zinapopita kwenye sehemu iliyopanuka, hadi moshi unarudi baada ya muda mfupi.

Kabla ya pistoni ya zamani kutupwa, inapaswa kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo shahidi wa kilichoiharibu. Mikwaruzo myembamba, ya kijivu, iliyoenea pande zote za sketi yake, yaani sehemu ya chini isiyo na ringi, huonyesha kwamba vumbi liliingia kupitia kichujio cha hewa kilichochanika au kilichoondolewa kabisa, jambo la kawaida kwa pikipiki zinazofanya kazi katika barabara za changarawe. Michubuko mikubwa upande mmoja tu huashiria uhaba wa oili au joto kupita kiasi, ringi zilizoganda ndani ya mifereji yake hutokana na masizi ya oili iliyoungua, na kichwa cha pistoni kilichoyeyuka au kutoboka huwa ni matokeo ya mchanganyiko wenye petroli kidogo mno au cheche inayowahi. Seti mpya ikifungwa bila chanzo hicho kuondolewa, fedha yote inapotea, na hapa ndipo inapostahili kusemwa wazi kwamba kichujio kipya cha hewa kinaipa pistoni maisha marefu kuliko jina lolote la kiwanda lililoandikwa kwenye boksi lake.

Baada ya uchunguzi huo hufuata upimaji wa silinda, ambayo gereji nyingi huiita bloku. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na mwendo wa pistoni, yaani umbali kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu, ni milimita 49.5. Ukuta wake hulika zaidi karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, kwa kuwa hapo joto na shinikizo ni kubwa huku oili ikiwa kidogo, na hulika zaidi upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu konrodi inayoinama huisukuma pistoni ukutani. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi, na karakana yenye saa ya kupimia vipenyo vya ndani hupima katika kimo cha juu, cha kati na cha chini, kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana.

Mahali pasipokuwa na kifaa hicho, ringi yenyewe inaweza kutumika kama kipimo cha bei nafuu. Ringi moja huingizwa ndani ya silinda na kusukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kwanza chini kabisa ambako ukuta haujalika, kisha karibu na juu, na kila mara pengo kati ya ncha zake hupimwa kwa bapa nyembamba za chuma zenye unene unaojulikana. Kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo chake mara 3.14, tofauti ya mapengo hayo mawili ikigawanywa kwa 3.14 huonyesha ni kwa kiasi gani silinda imepanuka, hivyo pengo likiongezeka kwa milimita 0.3 maana yake ni kwamba kipenyo kimeongezeka kwa karibu milimita 0.1. Kiasi hicho kinatosha kuamua kwamba silinda inahitaji kukerezwa, ingawa njia hii haionyeshi kama silinda imekuwa na umbo la yai.

Kukereza ni kuupanua ukuta kwa mashine hadi urudi kuwa duara kamili, ndipo inapofungwa pistoni ya oversaizi, yaani iliyo kubwa kidogo kuliko ya awali. Pistoni hizo hutengenezwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na namba ya hatua huandikwa juu ya kichwa chake kama 25, 50, 75 au 100. Wapo wanaochagua moja kwa moja hatua ya mwisho wakitumaini kupata nguvu zaidi, lakini hesabu haiwaungi mkono, kwa kuwa pistoni ya milimita 57.5 huongeza ujazo wa CG125 kutoka cc 124.1 hadi cc 128.5 tu, ongezeko lisilofikia asilimia 4, ambalo dereva hawezi kulihisi barabarani. Anachopoteza ni kikubwa zaidi, kwa sababu silinda iliyofikishwa kwenye hatua ya 100 haina nafasi nyingine ya kukerezwa, ilhali iliyoanzia hatua ya 25 inaweza kuokolewa mara kadhaa. Hatua ndogo kabisa inayofuta uchakavu wote ndiyo inayofaa.

Mpangilio wa kazi nao una uzito wake. Pistoni hununuliwa kwanza, kisha hupelekwa pamoja na silinda kwa mkerezaji, kwa sababu pistoni mbili zenye namba moja kutoka viwanda tofauti zinaweza kutofautiana kwa sehemu za mia za milimita, na mkerezaji anayefuata namba iliyoandikwa badala ya pistoni iliyopo mkononi anakisia. Nafasi inayotakiwa kati ya sketi na ukuta ni ndogo mno, kiasi cha milimita 0.02 hadi 0.04 kwa pistoni za kawaida za ukubwa huu, na ikifika milimita 0.10 injini huhesabiwa kuwa imechakaa. Ikiwa ndogo kupita kiasi, hatari yake huja na joto, kwani alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kilichotumika kutengenezea ukuta wa silinda. Kwa kila nyuzi 100 za Selsiasi pistoni ya milimita 56.5 huongezeka kwa karibu milimita 0.12, huku silinda ikiongezeka kwa milimita 0.06 hivi, na tofauti hiyo isipoachiwa nafasi, pistoni hunata na injini hunoki.

Hapo ndipo linapoingia suala la madini. Pistoni nyingi za bei nafuu humiminwa kwenye kalibu kutokana na alumini iliyochanganywa na silikoni ya karibu asilimia 12, ambayo hupunguza kutanuka na kuongeza ugumu, na zipo zenye silikoni nyingi zaidi ambazo hutanuka kwa kiasi kidogo zaidi, lakini huvunjika kwa urahisi zikigongwa. Pistoni za kufuliwa, yaani zilizogandamizwa kwa nguvu zikiwa ngumu badala ya kumiminwa, huhimili mashindano na joto kali, ila zile zenye silikoni kidogo hutanuka sana, huhitaji nafasi kubwa zaidi, na hugonga ukuta injini ikiwa baridi. Kwa pikipiki ya kubeba abiria, inayowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, pistoni iliyomiminwa vizuri ni chaguo la busara, na fedha inayobaki ilipie ukerezaji.

Wanaotaka nguvu ya kweli hubadilisha silinda nzima na kufunga ya milimita 62, inayotumika katika nakala za cc 150. Kwa mwendo uleule wa milimita 49.5 ujazo hufika cc 149.4, ongezeko la asilimia 20, na mabadiliko hayo yanawezekana, lakini si kwa kubadilisha pistoni peke yake. CG125 ina uwiano wa mgandamizo wa takriban 9 kwa 1, yaani mchanganyiko hubanwa hadi sehemu moja ya tisa ya nafasi yake, na hilo maana yake ni kwamba chumba cha kuunguzia kina karibu cc 15.5. Chumba hicho kikibaki vilevile juu ya silinda ya cc 149.4, uwiano hupanda hadi kukaribia 10.6, ambapo petroli ya kawaida huweza kulipuka ghafla badala ya kuungua kwa mfuatano, na mlipuko huo hutoboa vichwa vya pistoni. Kwa hiyo hedi, gasketi, jeti ya kabureta na mara nyingine mdomo wa ganda la injini vinapaswa kubadilika pamoja.

Uzito pia haupaswi kusahauliwa. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, pistoni husimama na kugeuka mara 16,000 katika dakika hiyo, na kila gramu 10 za ziada huiongezea konrodi mvuto unaozidi ule wa mzigo wa kilo 17 kila pistoni inapofika juu. Konrodi ya zamani ikiwa na mchezo wa juu na chini kwenye beringi yake kubwa, pistoni nzito huimaliza haraka.

Wakati wa kufunga, pengo la ringi hupimwa tena ndani ya silinda iliyokerezwa, likitarajiwa kuwa kati ya milimita 0.15 na 0.35, alama za ringi huelekezwa juu, ncha zake hupishanishwa, na klipu za zamani hazirudishwi. Injini za CG zina kichujio cha oili kinachozunguka pamoja na krankshafti na kutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko, nacho husahauliwa na mafundi wengi ingawa ndicho kilichohifadhi chembe zote za pistoni iliyokufa, kwa hiyo kifuniko chake hufunguliwa na kusafishwa hadi chuma kionekane. Katika kilomita 500 za kwanza dereva huepuka kubeba abiria wawili na kufungua mafuta hadi mwisho, akibadilisha kasi mara kwa mara ili ringi zipate shinikizo la kuzikalisha ukutani, na oili ya kwanza humwagwa mapema, ikiwezekana kabla ya kilomita 200, ikapitishwa kwenye kitambaa cheupe: vumbi laini la kijivu ni la ringi zinazojikalisha, lakini vipande vinavyong’aa vinavyoonekana kwa macho vinadai silinda ifunguliwe tena kabla pikipiki haijarudi kazini.