Hedifoni ya Laki Nane na Ngozi Inayomenyeka

Nilikwenda arusini Tanga na kanzu nyeupe, nikafika na vipande vyeusi shingoni na mabegani kama masizi ya jiko la mkaa. Vilitoka kwenye hedifoni niliyoichukua kabatini asubuhi hiyo nisikilize njiani. Niliinunua laki nane, na ilikuwa haijatimiza miaka mitatu.

Wengi hudhani pedi za masikio humenyeka kwa jasho. Jasho linachangia, lakini mharibifu mkubwa ni unyevu wa hewani. Ile tunayoiita ngozi ni kitambaa chembamba kilichopakwa plastiki ya poliurethani. Molekuli zake ni minyororo mirefu, na katika aina moja inayotumika sana, viungo vya minyororo hiyo hukatwa na maji. Si lazima yamwagike. Mvuke wa pwani unatosha, na joto letu huiharakisha kazi. Viungo vikishakatika vingi, utando hauvutiki tena, hupasuka, kisha hubanduka. Ndiyo maana kuitunza kabatini hakukuisaidia kitu. Jambo hili tunalo majumbani siku zote: sofa inayomwaga maganda, au kiatu kilichohifadhiwa kisubiri Idi, soli ikamomonyoka siku ya kuvaliwa. Ipo poliurethani ya aina nyingine inayohimili maji vizuri zaidi. Kwa laki nane, nilistahili hiyo.

Tena hasara haiishii kwenye kanzu. Kiwambo kilichomo ndani ya hedifoni husukuma hewa kidogo mno. Sauti nyembamba hufika tu, lakini besi hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo na ngoma ya sikio. Ikipata upenyo, msukumo huvuja kabla haujafika. Weka taarabu, kisha pitisha kidole chini ya pedi: gitaa la besi linafifia, fidla inabaki palepale. Mkono wa miwani hufanya hivyohivyo, na nywele zilizosukwa pia. Pedi ikishamenyeka, sponji la ndani linapumua, na besi uliyoilipia inatokea humo. Hata uwezo wa kuzima kelele, ambao Amar Bose alianza kuufikiria akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, huyumba pedi zisipoziba, hasa kwa mngurumo mzito kama wa jenereta.

Na sauti yenyewe, je, pesa inainunua? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283. Hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyogawa sauti, kuanzia nene hadi nyembamba. Boksi la hedifoni yangu limeandikwa inafika hezi 40,000. Sikio zima la kijana huishia kwenye 20,000 hivi, na kikomo hicho hushuka kadiri umri unavyosogea. Namba hiyo haimfai mnunuzi hata mmoja.

Niliipeleka kwa fundi Kariakoo. Aliigeuzageuza, akapitisha ukucha kwenye maungio. "Kaka, hii wamebandika gundi kila mahali. Pedi nitazitoa, ila betri ikifa usiniletee, nikiifungua haifungiki tena."

Hapo ndipo ninapoona uchungu, kwa sababu inawezekana kutengeneza vingine. Sennheiser HD 25 ilitoka mwaka 1988 na bado inauzwa. Waya, pedi, hata sipika zake unanunua kimoja kimoja na kubadilisha mwenyewe. Pedi zake nazo humenyeka, lakini unavalisha mpya na kazi inaendelea. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya namna hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sisi wa mwambao, ambao hewa yetu inakula pedi, ndio tungetangulia kudai vipuri kabla mzigo haujatoka bandarini. Badala yake dukani tunauliza rangi.



Fundi alizikwangua pedi kwa wembe, akabandika za kitambaa za elfu kumi na tano. Kitambaa hupitisha hewa, kwa hiyo besi imepungua kidogo, naisikia. Lakini hakimenyeki, na kanzu naivaa.