Askari hupewa sekunde 9, mkulima je?

Je, askari hufanya nini adui anapowarushia gesi ya sumu? Swali hili huzuka kila vita vinapotajwa redioni, na wengi hudhani halituhusu sisi wakazi wa mashambani hapa Kesses. Kwa maoni yangu linatuhusu sana, kwa kuwa gesi zilizo kali kuliko zote ni za ukoo mmoja na baadhi ya dawa tunazonyunyizia mahindi na kuua kupe wa ng'ombe.

Mwaka wa 1936 mwanakemia Mjerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya wadudu alipopata tabuni, gesi ya kwanza ya kushambulia neva. Sarini ikafuata mwaka wa 1938. Sumu za ukoo huu huitwa oganofosfeti. Hulemaza kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika kwenye misuli na tezi. Ujumbe usipozimwa, mate, machozi na jasho humiminika, mgonjwa huharisha na kujikojolea, mboni za macho husinyaa kama tundu la sindano, misuli hutetemeka na mapafu hujaa maji. Kinachoua hasa ni pumzi kukatika.

Kinga ya kwanza ya askari ni kuhakikisha sumu haimgusi. Akisikia tahadhari, hufumba macho, hubana pumzi na kuvaa barakoa ya gesi. Wamarekani hufunzwa kufanya hivyo kwa sekunde 9. Ndani ya chujio la barakoa mna makaa yaliyotengenezwa maalum ili kunasa mvuke. Vazi lake pia lina tabaka la makaa, na juu yake huongeza glavu na viatu vya mpira. (Barakoa za kitambaa tulizovaa wakati wa korona mwaka wa 2020 hazizuii mvuke wa kemikali, wala leso iliyoloweshwa maji.)

Ngozi ndiyo husahauliwa. Mwaka wa 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia majirani zetu wa Ethiopia gesi ya haradali. Hiyo si ya neva. Huunguza ngozi, macho na mapafu, hubaki kwenye nyasi na udongo, na haina dawa ya kuitangua. Wapiganaji wengi walikuwa pekupeku, wakaungua nyayo kwa kupita tu mahali palipomwagwa. Humu mwetu nawaona vijana wakinyunyizia dawa ya viwavijeshi bila viatu, bomba likivuja mgongoni, shati limelowa. Dawa hizo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda.

Jambo la pili ni kuvua na kuosha. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa kundi la Aum Shinrikyo walitoa sarini ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Wauguzi na madaktari waliowapokea majeruhi walianza kuumwa macho na kichwa wao wenyewe, maana mvuke ulikuwa ungali kwenye nguo za wagonjwa.

Tatu ni sindano. Askari hubeba sindano ya atropini inayojidunga yenyewe pajani, hata juu ya suruali, pamoja na nyingine ya kukikomboa kile kimeng'enya kabla sumu haijakikamata moja kwa moja. Hospitalini sisi hutumia atropini hiyo hiyo, tukirudia dozi hadi kifua kikauke.

Basi mtu akizidiwa shambani, mtoe penye dawa na umlaze kwa ubavu. Vaa glavu za mpira, mvue nguo zote pamoja na viatu, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nywele na kucha zisisahauliwe. Usimnyweshe maziwa wala usimtapishe. Maziwa hayaitangui sumu hii, na mtu anayekoroma huweza kuyavuta mapafuni. Msidhani ni malaria mkamlaza nyumbani mkingoja kesho. Mkimbizeni hospitalini mara moja, na gari liende madirisha yakiwa wazi.

Chukueni pia chupa ya dawa yenye karatasi ya maelezo, mkiitia ndani ya ndoo yenye kifuniko. Jina lililoandikwa hapo hutuonyesha kama atropini ndiyo inayotakiwa, kwani si kila dawa ya shambani ni ya ukoo huu.