Programu ya Kukinga Virusi Inapoikwamisha Kompyuta

Malalamiko ya namna hii hutufikia mara kwa mara. Mtumiaji amenunua kompyuta mpakato, akauziwa pamoja nayo programu ya kukinga virusi, na baada ya wiki chache kompyuta imekuwa nzito: kuwaka ni dakika nyingi, mafaili ya kazi hayafunguki, printa haipokei amri. Hupelekwa kwa fundi, naye hupiga Windows upya, hulipwa, na kabla ya kuirudisha huweka humo programu ile ile ya kinga. Mwezi haujaisha, tatizo limerejea. Mteja huamini kuwa ameuziwa kompyuta mbovu, ilhali huenda kompyuta ni nzima na kinachoielemea ni kinga yenyewe.

Programu ya kawaida hufanya kazi inapofunguliwa na hukoma inapofungwa. Programu ya kukinga virusi haikomi. Hukaa karibu kabisa na kiini cha mfumo endeshi, na kila faili linapofunguliwa, kunakiliwa au kupakuliwa, hulisimamisha kwanza, hulikagua, ndipo huliruhusu lipite. Katika kompyuta mpya yenye diski ya kasi, ukaguzi huo hauhisiki. Katika kompyuta iliyotumika, yenye diski ya kuzunguka na kumbukumbu ya gigabaiti 4, ukaguzi wa diski nzima ukianza saa nne asubuhi, kazi ya asubuhi hiyo imekwisha.

Hali huwa mbaya zaidi pale programu mbili za aina hii zinapofanya kazi kwa pamoja. Kila moja hutaka kulisimamisha faili kabla ya mwenzake, na kila moja huuona uchunguzi wa mwenzake kuwa ni mwenendo wa kutiliwa shaka. Ni kama walinzi wawili wa lango moja, kila mmoja akimdai mwenziwe kitambulisho huku wageni wakisubiri juani. Wengi hujikuta katika hali hii bila kujua. Windows 10 na Windows 11 huja tayari na kinga yake, Microsoft Defender, isiyo na malipo ya ziada. Ukiweka programu nyingine ya kinga, kwa kawaida Defender hujiweka kando yenyewe. Lakini kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na programu ya kinga ya majaribio, kisha muuzaji huongeza ya kwake, na hizo mbili haziachiani nafasi. Muda wa majaribio ukiisha, programu ile haiondoki. Hubaki ikitoa maonyo ya kutisha ili ulipie, na huenda isipokee tena masasisho ya kuitambulisha virusi vipya. Unabebeshwa uzito wake bila kupata ulinzi wake.

Bei kubwa nayo si dhamana. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee lilikosea na kulihesabu faili muhimu la Windows XP kuwa ni kirusi. Kompyuta zilizolipokea zikawa zinajizima na kuwaka tena na tena. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayotumiwa zaidi na taasisi, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na safari za ndege zikaahirishwa katika nchi nyingi. Katika matukio yote mawili dawa haikuwa kufuta kila kitu. Lile la 2024 liliponywa kwa kuondoa faili moja tu. Kwa hiyo kompyuta ikigoma ghafla, na za wenzako zikagoma siku hiyo hiyo, usiharakishe kukubali kupigiwa Windows. Picha na nyaraka zinazopotea hapo, mara nyingi hazirudi.

Kabla ya hatua yoyote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha ni programu ipi inayotumia diski na kumbukumbu kwa wingi. Ukiona majina mawili ya kinga, chagua moja. Ile nyingine iondoe kupitia mipangilio ya Windows, si kwa kufuta alama yake kwenye skrini. Kampuni nyingi hutoa katika tovuti zao rasmi programu maalumu ya kusafisha mabaki, kwa sababu uondoaji wa kawaida huweza kuacha vipande vinavyoendelea kuingilia mfumo. Washa kompyuta upya, kisha fungua Windows Security uhakikishe kuwa kinga iliyobaki inafanya kazi. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaochoshwa na kuzima kinga yote, halafu wanachomeka flashi iliyozunguka steshenari tatu.

Kuhusu leseni za "maisha yote" zinazouzwa kwa bei ya soda, tuseme wazi: leseni halali nyingi huwa na muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja. Anayekutaka uzime kwanza kinga iliyopo ili aweke ya kwake iliyovunjwa kufuli, anaweza kuwa anakuletea kirusi kwa mkono.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Muuzaji anayekuambia kuwa Windows 11 haina kinga yoyote hadi ununue ya kwake, anakupotosha. Dai risiti inayotenganisha bei ya kompyuta na bei ya programu. Ukiamua kulalamika, leta risiti hiyo, picha ya ujumbe uliotokea kwenye skrini na tarehe tatizo lilipoanza. Fundi naye mwombe aandike alichokiondoa na alichokiweka, maana karatasi iliyoandikwa "matengenezo" pekee haituonyeshi nani aliweka nini.