Skrini ya Seva Ikizimika, Kitufe Kisiguswe

Foleni ikiwa ndefu kwenye dirisha la malipo na skrini ya seva ikageuka nyeusi ghafla, mkono wa kwanza hukimbilia kitufe cha kuzimia. Hapo ndipo madhara huanzia.

Seva moja yenye mfumo endeshi wa Linux huweza kubeba mashine pepe kadhaa: moja ikatunza taarifa za wagonjwa wa zahanati, nyingine leseni za biashara. Kazi hiyo huwezeshwa na KVM, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Mandhari ya picha, yaani madirisha na kishale cha kipanya, ni programu nyingine kabisa. Ikianguka, mashine pepe zilizowashwa kupitia huduma ya mfumo ya libvirt kwa kawaida huendelea na kazi, na mwananchi wa Mbagala au Bunju akaondoka na stakabadhi yake bila kujua lolote. Kitufe ndicho hukata zote kwa mpigo, na hifadhidata iliyokuwa ikiandikwa yaweza kuharibika. (Mashine zilizofunguliwa ndani ya dirisha la VirtualBox hazina kinga hiyo, njia hiyo haifai kwa huduma za umma.)

Afisa TEHAMA hubonyeza kwanza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukitokea ukurasa wa maandishi, huingia kwa nywila yake na kuandika sudo virsh list ili aone mashine zilizo hai. Usipotokea, hujaribu kuingia kwa SSH kutoka kompyuta nyingine. Kisha husoma daftari la matukio kwa amri ya journalctl -b. Huenda draiva ya kadi ya picha hailingani na kiini kilichosasishwa, au diski imejaa. Huenda pia mashine pepe zimegawiwa memori kupita iliyopo, Linux ikalazimika kuua programu mojawapo. Hili ndilo la kuogopwa zaidi, kwani itakayofuata kuuawa yaweza kuwa mashine pepe yenyewe.

Kwa hakika, seva ya namna hii haihitaji mandhari ya picha. Amri ya sudo systemctl set-default multi-user.target huifanya iwake kwa maandishi tu, na madirisha ya usimamizi yakafunguliwa kwenye kompyuta ya afisa.

Mtumishi wa kaunta amwite afisa huyo mara moja na kuandika saa na dakika skrini ilipozimika, kwa kuwa daftari la matukio husomwa kwa kufuata muda.