Fouga ya Kolwezi ingali inaruka, na kobalti yetu iko ndani

Kuko ndege moja yenye wazee wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hawajaisahau: Fouga Magister, ndege ya Ufaransa yenye mukia wa V. Leo mu Ufaransa na Ubelgiji kuko watu wazima, baba na watoto wao, wenye kuitengeneza ndogo mu garaji na kuirusha kwa rimoti siku ya posho juu ya majani. Na kile chenye kuipatia nguvu ya kupanda, mara mingi kilitoka mu udongo wetu. Tutafika pale. Kwanza ndege yenyewe.

Fouga iliruka mara ya kwanza mwaka 1952. Waliitengeneza juu ya kufundisha marubani wapya, haikuwa ndege ya kuogopesha sana. Lakini mwaka 1961, pale Katanga ya Tshombe ilikuwa imejitenga, ilipata Fouga tatu. Moja ikaanguka, ingine ikakamatwa na ONU ku uwanja wa ndege wa Élisabethville. Ikabakia moja tu, yenye ilikuwa inatokea Kolwezi. Mwezi wa 9, ile moja peke yake ilipiga askari wa ONU ku Élisabethville, ku Kamina, na ku Jadotville fasi Waairlandi walikuwa wamezungukwa. ONU haikukuwa na ndege ya vita ya kuifukuza. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 ya ule mwezi, ndege ya Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, ilianguka karibu na Ndola. Juu ya woga wa ile Fouga, marubani wake walikuwa wamepita njia ya kuzunguka. Mpaka sasa jambo halijaeleweka lote. ONU ilifungua tena uchunguzi na kuuweka mu mikono ya jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania.

Kiisha Sweden ikaleta J 29 zake, zimeandikwa ONU ku ubavu, nene vile kwao wenyewe waliziita pipa. Mwezi wa 12 mwaka 1962 zilipiga uwanja wa ndege wa Kolwezi. Ile pipa nayo kuko wenye kuitengeneza ndogo.

Sasa, mutu anafanya ginsi gani kupata Fouga yake? Anaanza na hesabu. Fouga ya kweli mabawa yake ni metre 12 na kidogo, na pale imejaa mafuta na silaha inapima kilo 3.000 na zaidi. Ukiipunguza mara 10, mabawa yanakuwa metre 1 na santimetre 20. Lakini uzito haupungui mara 10: urefu, upana na kimo, kila kimoja kinapungua mara 10, basi uzito unapungua mara 1.000. Inabakia kilo 3. Mu zile kilo 3 unaingiza mabawa, motere, batri, rangi, na hata gundi unaipima. Njo maana wanatumia balsa, mti mwepesi wenye kutoka zaidi ku Ecuador, ao ile mousse nyeupe ya kukinga televizyo mu karto.

Mu tumbo wanaweka feni ndogo ndani ya bomba, inavuta hewa mbele na kuisukuma nyuma. Wenye mali wanaweka turbine ya kweli, yenye kunywa kerozeni. Motere zingine ndogo sawa kiberiti zinavuta vipande vya mabawa na mukia. Na ule mukia wa V njo unaumiza kichwa. Ndege zingine ziko na kipande kimoja cha kupandisha na kingine cha kugeuza. Fouga iko na viwili tu kwa kazi zote: vikiinuka pamoja, pua inapanda, kimoja kikiinuka na kingine kikishuka, pua inageuka. Rimoti njo inapiga ile hesabu.

Mbele ya kurusha, fundi anabeba ndege na vidole viwili chini ya mabawa, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele. Inapaswa kulala sawa, pua chini kidogo tu. Pua ikiwa nzito, ndege inakuwa mvivu lakini inarudia. Mukia ukiwa muzito, inajiinua, inasimama angani, inapinduka, na kazi ya miezi inakuwa takataka. Kusawazisha, anasukuma batri mbele ao nyuma, juu hiyo njo kitu kizito kupita vyote.

Kuirusha ni shida ingine. Shofele wa kamyo ya karyeri anaketi ndani. Huyu anasimama chini: ndege ikienda mbali naye, kuume ni kuume, ikigeuka kuja kwake, kuume kunakuwa kushoto. Wengi wanavunja ndege yao ya kwanza pale pale. Njo sababu hakuna mwenye akili anaanza na ndege ya vita. Wanaanza na ndege ya polepole, mabawa juu.

Sasa batri. Ni ya lityum, laini sawa pakiti ya biskuti, na mu feni yenye nguvu haimalizi hata dakika 10. Unga mweusi wenye kuwa ndani, mara mingi, ni lityum pamoja na kobalti, na mu ule unga kobalti inabeba karibu 60 kwa 100 ya uzito. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Mukreseri mwenye alibeba gunia ya heterojenite mpaka ku depo, hakuna mutu alimuambia ya kama iko wenye kuichezea ku dakika chache siku ya posho. (Bei ya ile ndege sitaiandika hapa.)

Lakini wale wachezaji wanaiogopa batri yao, na hapa tuwasikilize. Kila chumba yake hakipite volti 4,2 wala kushuka chini ya 3. Hawaichaji mu chumba cha kulala, hawaiachi peke yake, na ndege ikianguka wanaweka batri inje na kuingojea, juu inaweza kuwaka moto nyuma ya dakika nyingi.

Wazazi, watoto wetu wa cité wanatengeneza motokari za nyuzi za chuma, na wamoja wanatosha batri mu telefone ya zamani juu ya kuitembeza. Ile batri ni ndugu ya ile ya Fouga. Ikivimba, hapana kuitoboa juu ya kutosha hewa, hapana kuipiga nyundo juu ya kuona kuko nini ndani. Iwekeni mu kopo yenye mchanga mukavu, inje, mbali na nyumba. Motokari ya nyuzi inatembea muzuri na mabuye mawili ya radio.