UTUNZAJI WA CHUMBA CHA KAZI NYUMBANI

Watumishi wanaofanyia kazi nyumbani wanakumbushwa kulinda nyaraka dhidi ya unyevu. Mgeta, katika Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ni mfano mzuri. Ukungu hutanda huko mara kwa mara, na majalada hupata kuvu upesi. Unguja na Pemba, hewa ya bahari huleta madhara kama hayo.

Hasara yake si ndogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, haki ya kimila ya mkulima huandikwa katika daftari la kijiji. Ukurasa ukioza, mkulima hupungukiwa ushahidi mpaka wa shamba lake unapogombaniwa.

Kwa hiyo yazingatiwe yafuatayo:

(a) Rafu isigusane na ukuta, wala majalada yasiwekwe sakafuni.

(b) Madirisha yafunguliwe jua linapotoka, yafungwe ukungu unaposhuka.

(c) Vumbi lifutwe kila wiki kwa kitambaa kikavu. Kompyuta izimwe na kuchomolewa kwanza.

(d) Chakula kisiliwe juu ya meza ya kazi. Makombo huleta mende na panya.

(e) Jiko la mkaa lisitumiwe kukaushia chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua.

(f) Karatasi iliyolowa ianikwe kivulini penye upepo. Ikikauka, kuvu ipanguswe nje kwa brashi laini, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Nyaraka za Serikali zirejeshwe ofisini mara kazi inapokwisha.